KULITUNZA CHUJIO LA BWAWA LA SAMAKI NYUMBANI

Somo kwa wakulima wa Igogo na kando ya Ziwa

Ndugu mkulima, somo hili ni la mtu mwenye bwawa dogo la samaki nyuma ya nyumba yake. Pale Igogo viwanja ni vidogo, mawe ni mengi, na maji ya bomba hulipiwa kwa mita. Mtu hawezi kuchimba bwawa kubwa wala kubadili maji kila siku. Kwa hiyo wengi wanaofuga sato au kambare nyumbani hujenga bwawa la mawe na saruji, kisha huweka chujio ili maji yale yale yazunguke na kutumika tena.

Chujio ni kitu kizuri, lakini lina jambo moja ambalo lazima ulijue kabla ya kuligusa. Chujio la bwawa ni kitu chenye uhai. Ukilisafisha kama usafishavyo sufuria, utaliua. Na likifa, samaki watalifuata baada ya siku chache. Ukiliacha bila kulisafisha kabisa, nalo litaziba na kuoza. Ustadi wote wa kazi hii umo kati ya makosa hayo mawili.

1. CHUJIO HUFANYA KAZI MBILI

Kazi ya kwanza ni kuzuia uchafu uonekanao kwa macho: mavi ya samaki, mabaki ya chakula, majani na tope. Kazi hii hufanywa na pipa la kutulizia. Maji huingia kwa ubavuni, huzunguka polepole, na uchafu mzito hushuka chini.

Kazi ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo kubwa zaidi. Samaki alapo hutoa sumu iitwayo amonia, kwa matamvua yake. Sumu hii imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi, wala hapana kitambaa wala mchanga uwezao kuinasa. Huondolewa na vijidudu vidogo sana viitwavyo bakteria. Vijidudu hivi huishi juu ya mawe ya pipa la pili, kama utando mwembamba wenye utelezi, rangi ya udongo. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haiwadhuru samaki isipokuwa ikizidi sana, nayo ni chakula kizuri cha mimea.

Basi ukiona utelezi juu ya kokoto zako, usichukie. Huo ndio watumishi wako wafanyao kazi usiku na mchana bila mshahara.

2. JAMBO HILI LILIVYOJULIKANA

Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na mawe ya chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi maji yalitoka na amonia yake kama yalivyoingia. Baada ya hapo amonia ilianza kutoweka, na nitrati ikatokea mahali pake. Kisha wakatia mvuke wa klorofomu, dawa ya kulaza na kuua viumbe. Mara kazi ikasimama. Walipotia maji ya udongo wenye uhai, kazi ikaanza tena baada ya muda. Hivyo ikajulikana kwamba si mchanga uliokuwa ukisafisha, bali viumbe hai waliokaa juu ya mchanga. Mwaka 1890 Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, aliweza kuwatenga bakteria hao na kuwaonyesha.

Mkulima wa Igogo apata mafunzo mawili hapo. La kwanza: chujio jipya halifanyi kazi siku ile ile lijengwapo, huhitaji majuma kadhaa, kwa kawaida manne hadi sita. La pili: dawa iuayo viumbe huua na chujio.

Wazee wetu wajua jambo lililo karibu na hili. Mtu agandishapo maziwa katika kibuyu, huacha kidogo ya yale ya zamani ili yawe mbegu ya mapya. Akikikosha kibuyu kwa maji ya moto mpaka kisibaki kitu, maziwa mapya yatachelewa kuganda, au yataharibika. Chujio nalo hutaka liachiwe mbegu.

3. BWAWA LA MFANO

Ili maneno yetu yawe wazi, tuchukue bwawa moja la kadiri.

Bwawa: urefu mita 2 na nusu, upana mita 2, kina cha maji mita 1. Hilo ni lita 5,000.

Samaki: sato 40, wa kukuzwa mpaka robo kilo kila mmoja.

Chakula: wakiwa wakubwa, gramu 200 kwa siku, cha kuchanganya dagaa, mashudu na pumba.

Chujio: mapipa mawili ya plastiki ya lita 200. La kwanza ni la kutulizia. La pili lina kokoto za ukubwa wa ncha ya kidole gumba, zimekaa juu ya chekeche ya plastiki. Maji huingia kwa chini, hupanda kati ya kokoto, hutoka juu na kurudi bwawani kwa kuanguka, ili yapate hewa. Kila pipa lina koki chini yake ya kutolea tope.

Pampu: ndogo, ya kusukuma lita 2,000 kwa saa, ili maji yote yapite chujioni mara moja kila saa mbili au tatu.

Usizimwage kokoto ovyo ndani ya pipa. Kata vipande vya nyavu kuukuu, vishone mifuko 9, na kila mfuko utie kokoto lita 15. Mfuko huo una uzito upitao kilo 20 kidogo, mtu mzima aweza kuuinua. Panga mifuko katika safu tatu zilizosimama, kila safu mifuko mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ibane vizuri ili maji yasipite pembeni. Funga safu ya kwanza kwa kamba nyekundu, ya pili nyeupe, ya tatu ya bluu. Sababu ya rangi hizi utaiona mbele.

4. SUMU HUJA UPESI KIASI GANI?

Fanya hesabu hii. Chakula kizuri cha gramu 200 hutoa gramu 6 hivi za amonia. Gramu 6 katika lita 5,000 ni zaidi kidogo ya miligramu 1 kwa kila lita, kila siku. Chujio likiwa zima, amonia hiyo huliwa jinsi inavyotoka. Chujio likifa, hujilimbikiza: siku ya kwanza miligramu 1, siku ya pili 2, siku ya tatu zaidi ya 3.

Tena amonia ina sura mbili, ya upole na ya ukali. Katika maji ya vuguvugu kama yetu, yasiyo na ukali wa magadi (kipimo cha pH 7), haifiki sehemu 1 katika 100 iliyo kali. Lakini maji ya kijani yakipigwa na jua mpaka alasiri, pH yaweza kupanda kufika 9. Hapo sehemu 40 hivi katika 100 huwa kali. Ndiyo maana samaki waweza kuonekana wazima asubuhi, na alasiri wakawa wanakufa, wala hakuna mtu aliyetia sumu bwawani.

5. MAJIRANI WAWILI

Tuwatazame majirani wawili wa kukisia, kila mmoja ana bwawa kama lile la mfano.

Jirani wa kwanza ni mtu apendaye usafi. Jumamosi asubuhi alitoa kokoto zote akazisugua kwa sabuni, akazisuuza kwa maji ya bomba, akazianika juani mpaka zikawa nyeupe. Jioni akazirudisha, akafurahi kuona maji yakitoka yameng'aa. Jumapili akawalisha samaki kama kawaida. Jumatatu hawakumaliza chakula. Jumanne alasiri walikuwa juu ya maji wakitweta, na jioni wengi walikuwa wameelea. Alidhani amelogwa, au jirani ametia dawa. Lakini dawa aliitia mwenyewe: sabuni, klorini na jua.

Jirani wa pili alitoa safu moja tu ya mifuko. Aliichovya katika beseni la maji ya bwawa lake mwenyewe, akaitikisa mara tatu, tope likatoka, utelezi ukabaki. Akairudisha upesi. Samaki wake hawakujua kwamba siku hiyo ni ya usafi.

Wote wawili walifanya kazi kwa bidii. Tofauti yao ni kwamba mmoja alijua ni uchafu upi wa kuondoa na upi wa kuacha.

6. NAMNA YA KULISAFISHA CHUJIO

Fuata hatua hizi moja baada ya moja.

(a) Chagua asubuhi au jioni, si saa za jua kali. Siku hiyo usiwape samaki chakula.

(b) Vaa viatu vya mpira na glavu za mpira. Sababu imeelezwa katika sehemu ya 10.

(c) Zima pampu. Chomoa waya wake kabisa kabla ya kutia mkono majini.

(d) Teka maji ya bwawa, ndoo tatu au nne za lita 20, uyatie katika beseni. Usitumie maji ya bomba. Maji ya bomba ya Mwanza huvutwa ziwani, husafishwa katika mitambo kama ule wa Capri Point, kisha hutiwa klorini ili yasituletee magonjwa. Klorini hiyo ni rafiki wa mtu, lakini ni adui wa chujio na wa matamvua ya samaki.

(e) Fungua koki ya pipa la kutulizia, tope lote litoke ndani ya ndoo. Pipa hili la kwanza waweza kulisafisha vizuri mpaka ndani, kwa maana watumishi wetu hawakai hapa. Hata hivyo usitumie sabuni.

(f) Fungua koki ya pipa la kokoto kidogo, tope la chini litoke mpaka maji yaanze kuwa mepesi. Kisha funga.

(g) Toa safu ya rangi moja tu, yaani mifuko mitatu kati ya tisa. Chovya kila mfuko katika beseni mara tatu au nne, ukiutikisa. Usisugue. Tope jeusi likishatoka, acha.

(h) Rudisha mifuko mara moja. Isikae nje zaidi ya robo saa, wala isikauke. Ikiwa huna budi kungoja, iache imezama ndani ya maji ya bwawa.

(i) Washa pampu. Tazama kama maji yanapanda sawasawa kati ya kokoto, na kama hayapiti upande mmoja tu.

(j) Siku tatu zifuatazo toa nusu ya chakula. Kisha rudi katika kipimo cha kawaida.

Mwezi huu safisha nyekundu, mwezi ujao nyeupe, mwezi wa tatu bluu. Kwa hiyo kila jiwe litasafishwa mara nne kwa mwaka, na kila mara theluthi mbili za watumishi wako wapo kazini. Iandike tarehe na rangi ukutani kwa mkaa, au katika daftari, ili usisahau.

7. KAZI ZA KILA SIKU NA KILA JUMA

Kila siku: Tazama kama maji yanatoka kwa nguvu ile ile. Yakipungua, ama mdomo wa pampu umeziba, ama chujio limejaa tope. Lisha samaki kile wanachokimaliza kwa robo saa. Kilichobaki kitoe kwa wavu. Chakula kilichobaki huoza na kuongeza amonia.

Kila juma: Fungua koki za chini za mapipa yote mawili, utoe tope. Safisha kichwa cha pampu. Ondoa moja ya kumi ya maji ya bwawa, yaani lita 500, ndoo 25, uongeze mapya. Maji ya bomba yaache kwanza katika mapipa yaliyo wazi siku moja au mbili, klorini ipate kutoka. Juu ya mapipa hayo funga chandarua, mbu wasizae humo.

Kila juma tena: Tia chokaa ya kilimo. Vijidudu wafanyapo kazi hula chokaa iliyomo majini, na mawe yetu ya Mwanza hayana chokaa ya kuwapa. Ikiisha, maji huchachuka, na pH ikishuka chini ya 6 vijidudu hulegea kabisa. Kwa amonia ya gramu 6 huhitajika gramu 42 hivi za chokaa kila siku, yaani gramu 300 kwa juma. Funga kipimo hicho katika mfuko wa kitambaa, uning'inize mahali maji yaangukapo. Makombe yaliyosagwa kwa ajili ya kuku yafaa pia. Angalia sana: usitumie chokaa iliyochomwa wala ile ya kupaka kuta, hiyo ni kali, itawaua samaki.

8. UMEME UKIKATIKA

Vijidudu vya chujio huvuta hewa kama sisi. Kuiondoa gramu 1 ya amonia huwagharimu zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Pampu ikisimama, hewa iliyomo katika pipa la kokoto huisha upesi. Baada ya saa chache pipa huanza kunuka kama yai bovu, na watumishi wema huanza kufa.

Umeme ukikatika kwa muda mfupi, hapana neno. Ukikawia zaidi ya saa moja, fanya hivi: usilishe samaki, teka maji ya bwawa kwa ndoo uyamimine juu ya kokoto kutoka juu, ndoo tatu au nne kila nusu saa, nyingine uzimimine bwawani kutoka kimo cha kifua, ili maji yachukue hewa.

Ukitoka nyumbani na umerudi ukakuta pampu imelala usiku kucha, usiiwashe papo hapo. Fungua kwanza koki, umwage maji yote ya pipa la kokoto. Maji hayo yameoza, nayo yakiingia bwawani kwa pamoja yaweza kuwaua samaki. Jaza pipa upya kwa maji ya bwawa, ndipo uwashe. Kisha lisha kidogo sana kwa juma zima, kama kwamba chujio ni jipya.

9. MVUA NA UDONGO WA MLIMANI

Nyumba nyingi za Igogo zimejengwa mtelemkoni kati ya mawe. Mvua za vuli na masika hushuka kwa nguvu, zikichukua udongo, takataka na maji ya vyoo. Maji hayo yakiingia bwawani mara moja tu, chujio lote hujaa tope kwa saa moja.

Jenga ukingo wa bwawa uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Upande wa juu wa mlima chimba mfereji wa kuyapitisha maji kando, usimwelekezee jirani. Kama tope limeingia, acha kulisha, na safisha pipa la kutulizia mara mbili kwa siku mpaka maji yatulie. Hata hapo usizioshe safu zote tatu za kokoto siku moja. Osha moja, ngoja siku nne au tano, kisha ya pili, vivyo hivyo ya tatu.

10. AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Sisi wa kando ya Ziwa twaujua ugonjwa wa kichocho. Kichocho cha tumbo huletwa na minyoo ambao sehemu ya maisha yao huipitisha ndani ya konokono wadogo wa majini. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai huingia majini na kuwafikia konokono. Kisha vijinyoo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu yeyote aingizaye mkono au mguu majini. Bwawa lililojaa majani ukingoni ni nyumba nzuri ya konokono.

Kwa hiyo: ng'oa majani ya ukingoni kila juma. Ukiona konokono katika bwawa au ndani ya pipa, waokote kwa wavu, si kwa mkono mtupu, uwaponde na kuwafukia. Usiwaruhusu watoto kuoga wala kukojoa bwawani. Usichukue magugu maji kutoka ziwani kupanda bwawani kwako. Konokono na mayai yao hushikamana na mizizi. Maji ya ziwa ukiyatumia, yaweke kwanza katika pipa lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, kwa maana vijinyoo vya kichocho haviishi majini muda huo bila kumpata mtu. Usitie dawa ya shaba ya kuulia konokono bwawani. Yaweza kuwaua samaki na chujio pia.

Tena, bwawa na liwe na ukuta au uzio. Mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame.

11. TOPE LA CHUJIO NI MALI

Usimwage tope la chujio katika mfereji uendao ziwani. Ziwa letu limekwisha pata mbolea kupita kiasi, na magugu maji yaliyoonekana humo tangu mwisho wa miaka ya 1980 yamestawi kwa mbolea hiyo hiyo.

Tope hilo ni samadi nzuri. Sehemu moja ya tope changanya na sehemu tatu za maji, mwagilia mchicha, sukuma wiki, nyanya au migomba. Mimina chini penye mizizi, si juu ya majani, na mboga za kula uzioshe vizuri kwa maji safi. Zile lita 500 uzitoazo kila juma nazo zina nitrati. Hutosha kunywesha tuta kadhaa. Hivyo maji uliyoyalipia mara moja yamekuzalia samaki na mboga.

12. ISHARA ZA HATARI NA LA KUFANYA

Samaki wote wapo juu alfajiri wakitweta, na mchana wanapona: hewa ni haba. Ongeza mwanguko wa maji, punguza chakula, ondoa ukijani ukizidi.

Samaki wamelegea alasiri, hawali, matamvua mekundu sana: amonia. Acha kulisha. Ondoa theluthi moja ya maji, uongeze maji yaliyolazwa. Rudia kesho yake. Usiliguse chujio.

Matamvua yana rangi ya kahawia, samaki wanatweta ingawa maji yana hewa: nitriti. Hutokea mara nyingi chujio likiwa jipya. Yeyusha kilo 1 ya chumvi ya kawaida kwa lita 5,000, uimimine polepole. Chumvi hiyo huizuia nitriti isiingie katika damu ya samaki.

Pipa la kokoto linanuka yai bovu: halipati hewa. Zima pampu, mwaga maji yake yote bustanini, jaza upya, safisha safu moja.

Maji yanapita juu ya mifuko bila kupenya: kokoto zimejaa tope. Safisha safu moja leo, nyingine baada ya juma.

13. UKIANZA CHUJIO JIPYA

Anza na samaki 10 tu, ulishe kidogo. Ongeza wengine 10 kila baada ya majuma mawili, ukiona wanakula na hawatweti. Kama una jirani mwenye chujio lenye afya na samaki wasio na ugonjwa, mwombe mfuko mmoja wa kokoto zake. Uupeleke ukiwa umelowa, uuweke chini ya mifuko yako. Hiyo ndiyo mbegu ya kibuyu tuliyoitaja. Chujio lako litaanza kazi mapema zaidi, nawe siku moja utamgawia mwingine.

Ukishindwa na jambo, mwendee afisa uvuvi wa halmashauri yako, au chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi pale Nyegezi. Chukua chupa ya maji ya bwawa, na daftari lako la tarehe. Vitamsaidia kuliko maneno mengi.

14. MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini utelezi wa kokoto usisuguliwe?
2. Kwa nini maji ya bomba hayafai kuoshea kokoto siku yatokapo?
3. Bwawa lenye samaki walao gramu 400 kwa siku lahitaji chokaa kiasi gani kwa juma?
4. Umerudi safarini ukakuta pampu imesimama tangu jana. Utafanya nini kwanza?
5. Mwezi uliopita ulisafisha safu ya kamba nyeupe. Mwezi huu utasafisha ipi?

Mkulima awezaye kujibu maswali haya bila kutazama nyuma, naye aliyafanya katika bwawa lake, hana haja ya kuogopa siku ya usafi.